Kabla ya kuagiza gari la umeme, mwite fundi

Tangu nianze kuendesha Nissan Leaf hapa Tabora, watu hawaachi kuniuliza: unachaji wapi, na huku vituo hakuna? Nachaji nyumbani, Isevya, usiku nikiwa nimelala. Naamini hata vituo vikija, wengi wetu tutaendelea kuchaji nyumbani. Ndiyo maana nawasihi mnaotaka kuagiza: anzeni na nyaya za nyumba, gari lifuate.

Mimi nilianza na gari. Lilikuja kutoka Japani na kebo yake, na plagi ya kebo hiyo haiingii kwenye soketi zetu. Fundi mmoja akaikata, akafunga plagi ya kawaida ya pini tatu. Kebo ile inavuta ampea 15, plagi zetu ni za ampea 13. Pasi unaichomeka kidogo tu, ukimaliza unachomoa, lakini gari linavuta kwa saa kama tano bila kupumzika. Usiku wa tatu mke wangu akaniamsha, anasikia harufu ya plastiki inaungua. Nilikimbilia meni swichi nikazima. Asubuhi nilipochomoa, pini moja ilitoka na kipande cha soketi kilichoyeyuka na kuganda kama nta, na ukuta juu yake ulikuwa mweusi. Upande wa pili wa ukuta ule ndipo kilipo kitanda cha watoto.

Fundi wa pili, huyu mwenye leseni, alivuta waya wa milimita 6 moja kwa moja kutoka kwenye ubao wa breka hadi barazani. Akaupa breka yake ya ampea 20, kifaa cha kukata umeme unapovuja, na soketi ya bluu ya viwandani. Kisha akapima arthi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, akakuta umekatika chini ya udongo, sijui tangu lini. Tumeishi humo miaka yote tukidhani tuko salama. Kama ndiyo kwanza unajenga, pitisha bomba la waya hadi unapoegesha gari kabla hujapiga plasta.

Kuhusu LUKU: kama uko kwenye tarifa ya shilingi 100 kwa uniti, ile ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ukichaji gari utaiaga. Mimi kwa elfu moja napata uniti kama 2.8. Betri yangu ilikuwa ya kWh 24, yaani uniti 24, ilipokuwa mpya; sasa kipimo cha uzima wa betri kwenye dashibodi kimebaki na vipande 9 kati ya 12. Kuijaza kunakula uniti kama 17, shilingi elfu sita hivi, na inanipeleka kilomita 90. Piga hesabu gari lako dogo linakunywa lita ngapi kwa mwendo huo.

Vipande vile vinaliwa na joto. Leaf haina maji ya kupoza betri, kwa hiyo mchana wa Oktoba naegesha chini ya mwembe, na nimeweka saa ya gari ianze kuchaji usiku wa manane. Betri inakuwa imepoa, na umeme wenyewe unakuwa na nguvu kwa sababu mtaa umelala. Mvua za radi zikianza, chomoa.

Kuhusu vituo vya kuchaji haraka, muulize muuzaji gari lina tundu gani. Leaf inatumia CHAdeMO, magari mengi yanayotengenezwa kwa soko la China yana GB/T, ya Ulaya yana CCS2, na tundu moja haliingiliani na jingine. Halafu kuna transfoma. Mashine moja ya kuchaji haraka ya kilowati 50 inaweza kumaliza peke yake uwezo wote wa transfoma ya kVA 50, saizi iliyofungwa katika vijiji vyetu vingi. Kwa barabara ya Urambo na Kaliua hadi Kigoma, naona kitakachotufaa mapema ni soketi za polepole kwenye gesti, mahali ambapo msafiri analala hata hivyo.

Nimeshaongea na mwenye gesti moja Sikonge, kilomita kama 70 kutoka hapa. Amekubali nifunge soketi ya bluu uani kwake kwa gharama yangu, na uniti nitakazotumia nimlipe. Mwezi ujao fundi wangu anakwenda kupima arthi ya pale.