Re: Tovuti ya kukutana kwa maveterani wa vita vya Kagera

Shikamoo mzee. Umeuliza kama WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, inafaa kwa tovuti ya kikundi chenu cha waliopigana 1978–79. Inafaa, ila inataka mtu wa kuisasisha kila mara, na ikiachwa bila masasisho hudukuliwa. Kwa kurasa nne tu (mkutano ujao, usajili, picha, waliotangulia) mimi ningetumia Google Sites, huduma ya Google ya kutengeneza tovuti, ambayo ni bure.

Kwanza fungueni barua pepe ya kikundi, na nywila yake wawe nayo viongozi wawili. Jina la tovuti, yaani anwani yake inayoishia na .or.tz, nalo lisajiliwe kwa barua pepe hiyo, si ya kijana anayewasaidia. Akihama, taarifa ya kulipia mwaka unaofuata humfuata yeye, na tovuti inazimika bila ninyi kujua.

Usajili wa mkutano fanyeni kwa Google Forms, yaani fomu za kujaza mtandaoni: jina, kikosi, mkoa anakotoka, idadi ya watu anaokuja nao. Zimeni kile kipengele cha jibu moja kwa kila mtu, maana kinamlazimisha mjazaji kuingia kwenye akaunti ya Google, na wazee wengi hukwamia hapo. Kiungo kitumeni WhatsApp, kisha kijaribuni kwa simu isiyo ya kiongozi.

Picha za zamani zipitisheni kwenye skana kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), nakala hiyo mwihifadhi. Ya tovuti ipunguzwe hadi upana wa pikseli 1200, isizidi KB 200, vinginevyo bando litaisha kabla ukurasa haujafunguka.

Namba za simu za wanachama msiziweke hadharani kabisa. Matapeli wa kiinua mgongo wanazitafuta hizo hizo.