Maswali Yenu: Vyuo vya Marekani Kuhama Ligi, na Hesabu za Ligi Yetu ya Vyuo Dodoma

Ndugu mhariri, nafuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani, ule mpira wa Kimarekani ambao si soka. Pac-12 ilikuwa ligi kubwa ya magharibi, ghafla ikabaki na vyuo viwili. Ilianguka vipi?
*Msomaji, Nkuhungu, Dodoma*

Kule karibu kila chuo kikubwa kiko ndani ya konferensi, yaani umoja wa vyuo unaopanga ratiba yake, unaotoa bingwa wake na, hapa ndipo penye mzizi wa jambo, unaouza haki za matangazo kwa niaba ya wanachama wote. Zamani NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ndiyo iliyoshika futiboli ya televisheni. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba udhibiti huo unavunja sheria za ushindani. Hapo njia ikafunguka kwa kila konferensi kuuza chake, na chuo kinachoona jirani analipwa zaidi huanza kutazama mlango.

Mkataba wa Pac-12 ulikuwa unaisha katikati ya 2024. Juni 30, 2022, USC na UCLA, vyote vya Los Angeles, vikatangaza kwamba vinakwenda Big Ten, konferensi pinzani. Pac-12 ikapoteza jiji lake kubwa kabla hata ya kufika sokoni. Oktoba mwaka huo Big 12, konferensi nyingine, ikawahi foleni: iliongeza mkataba wake na televisheni za ESPN na Fox kwa dola bilioni 2.28 za miaka sita, wastani wa dola milioni 31.7 kwa kila chuo kwa mwaka. Tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni kama bilioni 79. Mkataba wa Azam Media na TFF wa 2021 ni shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, kwa Ligi Kuu yetu nzima. Chuo kimoja cha Big 12 kinaupita kwa miaka mitatu.

Pac-12 ilipofika sokoni, wanunuzi wakubwa walikwisha kutumia fedha zao. Ofa ya kampuni ya Apple iliyobaki mezani ilitegemea ni watu wangapi watalipia kutazama mtandaoni, na hakuna mhasibu wa chuo anayependa bajeti ya namna hiyo. Colorado ikaondoka Julai 2023. Agosti 4, kwa siku moja, vikaondoka vitano: Oregon na Washington kwenda Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah kwenda Big 12. Septemba 1 Stanford na California zikachukuliwa na ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki. Wakabaki Oregon State na Washington State.

Hao wawili walikwenda mahakamani katika jimbo la Washington, wakapata udhibiti wa ligi na mali zake, kisha wakaanza kuijenga upya. Kanuni ya NCAA inataka vyuo vinane vyenye futiboli, na hao wawili walipewa miaka miwili ya kuvumiliwa. Waliosajiliwa kuingia Julai 2026 ni Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, Utah State, Gonzaga na Texas State. Gonzaga ni jina kubwa la kikapu lakini haina futiboli, ndiyo maana bila Texas State hesabu ya wanane isingetimia.

Chuo kikitaka kuhama kinafungasha tu na kuondoka?
*Mwanafunzi wa sheria, Dodoma*

Hapana. Kuna vizuizi viwili. Cha kwanza ni ada ya kujitoa. Maryland ilipotoka ACC kwenda Big Ten mwaka 2014, mgogoro uliisha kwa dola milioni 31.4. Cha pili ni kigumu zaidi: chuo hukabidhi haki zake za matangazo kwa konferensi kwa miaka mingi. Ukiondoka katikati, unaondoka na wachezaji na jezi, lakini mechi zako za nyumbani zinabaki mali ya ligi uliyoihama. Texas na Oklahoma zilikubaliana kuiachia Big 12 jumla ya dola milioni 100 ili ziingie konferensi ya SEC mwaka 2024, mwaka mmoja mapema. Florida State na Clemson ziliishtaki ACC, ambayo haki hizo imezishika hadi 2036. Mwaka 2025 wakapatana: sehemu ya mapato sasa itagawiwa kwa kufuata idadi ya watazamaji, na gharama ya kutoka itapungua mwaka hadi mwaka mpaka dola milioni 75.

Anayeingia naye hulipa kwa namna yake. Stanford na California zilikubali takriban asilimia 30 ya mgawo wa ACC kwa miaka saba ya mwanzo. SMU ilikubali kukaa miaka tisa bila mgawo wa televisheni.

Mechi zao zinaanza saa ngapi huku kwetu?
*Msomaji, Kondoa*

Mechi za Jumamosi za saa 6 mchana, saa za New York, huku ni saa 1 usiku. Saa zao zikirudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, inakuwa saa 2 usiku. Mechi ya usiku ya pwani ya Pasifiki utaikuta alfajiri ya Jumapili.

Sisi viongozi wa michezo wa vyuo sita vya Dodoma tunacheza ligi ya soka na netiboli, nyumbani na ugenini. Kuna wazo la kuongeza vyuo vinne kutoka Morogoro, Iringa na Singida. Tufanye?
*Waziri wa michezo, serikali ya wanafunzi, Dodoma*

Swali lako limetufurahisha, kwa sababu hesabu unayoiuliza sasa wakubwa wa Marekani wengi waliifanya baada ya kusaini.

Anza na ratiba. Timu sita, nyumbani na ugenini, ni mechi 30. Kila timu inacheza 10. Timu kumi ni mechi 90, kila timu 18. Toa kwenye muhula wiki za majaribio na za mitihani, uone kama wikiendi 18 zipo. Hazipo. Big Ten yenye vyuo 18 imegonga ukuta huohuo: katika futiboli kila timu hucheza mechi tisa tu za ligi, hivyo karibu nusu ya wenzake haikutani nao. Msimu wa 2024 Penn State na Indiana zilimaliza sawa, ushindi nane na kufungwa moja, bila kukutana hata mara moja. Kanuni za kuvunja sare ndizo zilizoipeleka Penn State fainali. Kwa hiyo andikeni kanuni zenu za sare kabla ya mechi ya kwanza.

Tunashauri makundi mawili ya timu tano, yakipangwa kwa barabara. Kila kundi nyumbani na ugenini ni mechi 20, kila timu nane. Kwa kuwa tano ni witiri, timu moja hupumzika kila raundi, basi tengeni raundi kumi. Ongeza nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali, zote kwenye kituo kimoja: jumla mechi 44, chini ya nusu ya 90.

Pili, barabara. Morogoro na Iringa kila moja ni kama kilomita 260 kutoka Dodoma, Singida kama 240. Mechi ya saa 10 alasiri inaisha karibu saa 12 jioni, na hapo mnabaki na zaidi ya saa nne za kuendesha usiku na wanafunzi ndani ya basi. Msikubali hilo. Safirini Ijumaa mchana, mwenyeji atoe hosteli, mechi ichezwe Jumamosi saa 3 asubuhi kabla jua la Dodoma halijakaza, msafara uondoke saa 6.

Bajeti huvunjika kwenye viti. Wachezaji 18 wa soka, kocha, meneja na mtu wa huduma ya kwanza ni watu 21. Coaster moja inatosha. Ukiongeza netiboli, wachezaji 12 na viongozi wawili, mko 35 na unahitaji gari la pili kwa safari ileile. Hivyo tenganisheni michezo. Soka ichezwe kwa makundi. Netiboli ichezwe kwa kituo, timu zote zikutane siku tatu mahali pamoja, kwa kuwa timu ya netiboli inaweza kucheza mechi mbili kwa siku na ya soka haiwezi. Marekani walihamisha karibu kila mchezo kwa ajili ya fedha za futiboli, na sasa mabinti wa voliboli wa Stanford wanavuka zaidi ya kilomita 4,000 kwenda Boston kucheza mechi ya ligi katikati ya masomo. Kwetu hilo ni kosa la wazi, na anayelilipia ni mwanafunzi.

Katiba yenu iwe na haya: mwanachama mpya apite kwa kura tatu kati ya nne; anayejitoa atoe taarifa ya maandishi msimu mzima kabla; kila chuo kiweke dhamana inayopotea kikitoweka. Timu ikijitoa kabla ya kucheza nusu ya mechi zake, matokeo yake yote yafutwe; ikijitoa baada ya nusu, wapinzani waliobaki wapewe pointi tatu.

Kijana wangu anakimbia mita 5,000 na anatafuta udhamini wa chuo Marekani. Huku kuhamahama kutamuathiri?
*Mzazi, Singida*

Mzazi wetu, wakimbiaji huathirika kidogo kuliko wa voliboli au besiboli. Riadha ya vyuo hufanyika kwa mashindano ya mialiko, na ulazima wa konferensi uko hasa kwenye ubingwa wake.

Kinachombana zaidi ni suluhu ya kesi ya mwogeleaji Grant House dhidi ya NCAA, iliyoidhinishwa Juni 2025. Vyuo vilivyoikubali viliruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kila chuo jumla ya hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025/26, na vikawekewa kikomo cha wachezaji: 45 kwa riadha, 17 kwa mbio za nyika. Nafasi za kikosi zimekuwa chache, ingawa sasa chuo kinaweza kumdhamini kila aliyemo kikiwa na fedha.

Kocha akiwasiliana naye, aulize mambo matatu na ajibiwe kwa maandishi: udhamini ni wa asilimia ngapi, ni wa miaka mingapi, na unabaki kocha akiondoka? Ajiandikishe mapema na kituo cha NCAA cha kuhakiki sifa, kwa sababu vyeti vya sekondari lazima vikaguliwe kabla hajashindana. Ile fedha ya kutangaza biashara wanayopata wanamichezo wa Kimarekani asiiguse bila kumuuliza ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chake, kwa kuwa viza ya mwanafunzi inaweka mipaka mikali ya kazi.