Fundi piano ana kadi ya uanachama, je amepimwa?

SWALI: Dada mhariri, habari za kazi. Niko Minneapolis huku Marekani, ibada yetu ya Kiswahili tunatumia piano ya kanisa. Fundi alikuja Septemba akaityuni (akaiweka sawa sauti) vizuri tu, akaacha kadi imeandikwa mwanachama wa Piano Technicians Guild, chama cha mafundi piano, sasa Januari hii kwaya ikianza tunajikuna masikio. Mwenyekiti anasema tumepigwa. Hivi huyu kweli kafanya mtihani? Halafu mie nina apu ya kutyuni kwenye simu nataka niingie kazini, leseni inatoka wapi?

JIBU: Kaka, poleni na kwaya. Leseni ya serikali ya kutyuni piano huko haipo, yeyote anaweza kununua spana ya pini, zile zinazokaza nyuzi, akatangaza kazi, ndo maana mtihani wa Guild una uzito. Ila uanachama peke yake sio mtihani! Wapo wanaojiunga kwa kulipa ada tu, mtu anajifunza bado au anapenda tu piano, na wapo waliofaulu, hao ndo wanaruhusiwa kujiita Registered Piano Technician, kwenye kadi utaona RPT. Kama herufi hizo hazipo muulizeni tu kwa upole.

Mitihani iko mitatu, wa kuandika, wa ufundi (unaseti mitambo ya piano, unabadilisha uzi, unatengeneza kinyundo kilichovunjika) na wa kutyuni, na kufaulu ni asilimia 80. Huu wa kutyuni ndo naupenda maana hauna kujuana. Mafundi wazoefu wanakaa na piano moja wanaityuni pamoja, wanabishana noti kwa noti mpaka wakubaliane, wanarekodi kila noti imekaa wapi, halafu wanaivuruga makusudi, ndo unaitwa wewe. Sehemu ya katikati ya piano unafanya kwa masikio, mashine hairuhusiwi, baadae ndo unaweza kuitumia. Kazi yako inalinganishwa na ile yao kwa senti, yaani sehemu moja ya mia ya nusu toni, kwahiyo huwezi kusema mtahini hakupendi. Kisha wanagonga kii kwa nguvu waone kama uzi unateleza, maana kuna watu wanafikisha sauti mahali pake lakini pini haijatulia, ukiondoka tu na yenyewe inaondoka.

Sasa msimhukumu fundi wenu haraka. Septemba hewa bado ina unyevu, Januari hita zinawaka usiku na mchana, ule ubao mkubwa wa sauti unakauka unanywea na sauti inashuka, hata RPT hawezi kuuzuia. Noti zikiwa zimeshuka kwa pamoja ni hewa hiyo. Ila kama nyuzi tatu za noti ileile kila moja inalia kivyake na ilianza wiki ya kwanza tu, hapo mwenyekiti ana hoja.

Na wewe apu usiitupe, inasaidia, ila kwa apu peke yake hiyo sehemu ya katikati hutoboi. Tafuta chapta (tawi) ya Guild ya karibu, nyingi huwa zinakutana kila mwezi, jiunge hivyohivyo bila mtihani, halafu omba RPT mmoja akupime kwa majaribio kabla hujalipia mtihani wenyewe. Na 80 hiyo ni kiwango cha chini eti, mafundi wa kumbi za konseti wanaenda mbali zaidi ya hapo.