Unataka kupanda mlima kipindi cha baridi na uko Mwanza? Anza na watu

Kila mwaka mvua za masika zikikata tu, hapa mjini inaanza ile ya "jamani mwaka huu lazima twende mlimani", watu kumi na tano wanaitikia kwenye grupu, wengine mpaka wanaulizana rangi ya tisheti, halafu mwezi wa saba ukifika unakuta yuko mmoja na begi lake. Kwa nyie mnaoanza nawaambia mapema: kinachoangusha safari nyingi sio baridi wala urefu wa mlima, ni watu uliopanga nao.

Kwa hiyo usitangaze. Ukitangaza unapata mashabiki. Mfuate mtu mmoja mmoja inbox, wale unaowaona asubuhi wanakimbia kupandisha Capri Point, yule wa kazini anayepanda ngazi wakati lifti ipo, fundi wako, binamu yako, yeyote ambaye akisema saa kumi na mbili anakuwepo saa kumi na mbili. Watu wanne mpaka sita wanatosha, mkiwa wawili tu mmoja akiumwa safari ya wote imeisha, na mkiwa kumi mnakuwa msafara wa harusi.

Halafu waweke kwenye mazoezi kabla hata hamjataja tarehe. Sisi hatuhitaji gym bana, mji wetu wote mawe na vilima, watu wa Mabatini na Bugarika wanapandisha ndoo ya maji kichwani kila siku. Chukueni begi, wekeni chupa za maji lita sita saba humo, mpande mshuke hivyo vilima asubuhi nzima bila kukimbia. Na usiangalie nani ana pumzi. Angalia anayesubiri. Kuna aina ya jamaa anatangulia, anakaa juu ya jiwe, anapiga selfi zake, anakunywa maji, yule wa mwisho akifika anahema mkono kiunoni yeye ndo kwanza anasimama, "haya twende". Yeye amepumzika dakika kumi, mwenzake hata sekunde. Huyo hata kama ni mshkaji wako wa damu muache nyumbani, kule juu mwendo wa kundi ni wa yule wa mwisho na asiyelielewa hilo kwenye vilima vya hapa Isamilo hatalielewa mita elfu nne.

Mtihani wa pili ni hela. Tajeni tarehe, tajeni kianzio ambacho hakirudi, mwekeni mtu mmoja wa kukusanya na kila kinachotoka kiandikwe grupuni, hata cha vocha. Watakaolipa kianzio ndio wenzako, waliobaki wapende tu lakini usiwapangie siti.

Sasa mlima upi. Kama hamjawahi kabisa, mimi nawapeleka Hanang, ni mita 3,400 na kitu, na basi la Mwanza kwenda Arusha linapita pale pale Katesh chini yake, unashuka na begi lako. Mnapata kibali na mwongozaji, mnaanza alfajiri na jioni mko chini, ila bebeni maji ya kutosha ya siku nzima. Mkitoka salama na bado mnaongea, mwaka unaofuata nendeni Meru, mita 4,560 na kitu, siku tatu au nne na askari wa hifadhi mwenye bunduki anatembea na nyie kwa sababu ya nyati. Kilimanjaro ije baada ya hapo. Kama mnataka kulala kwenye vibanda badala ya mahema, njia ni Marangu peke yake, na mwezi wa saba na wa nane watalii wanajaa kweli kweli, kwa hiyo wekeni nafasi mapema.

Mwezi wa sita mpaka wa nane ni mzuri kwa sababu njia zimekauka na mawingu mara nyingi yanabaki chini yako. Bei yake ni baridi ya usiku. Hesabu mwenyewe: kila ukipanda mita elfu moja joto linashuka kama nyuzi sita. Ziwa letu liko mita 1,134, kilele cha Kilimanjaro ni 5,895, kwa hiyo usiku ambao Nyegezi ni nyuzi 16 na wewe umejifunika shuka moja, kule juu unaongelea kama nyuzi 12 chini ya sifuri, na upepo hujaujumlisha.

Vifaa visiwatishe. Nenda soko la Mlango Mmoja asubuhi bero la mitumba likifunguliwa, majaketi ya manyoya ya bata na suruali za kuteleza kwenye theluji yanauzwa bei ya kutupa maana Mwanza nani ayavae. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize, ukisikia hewa inatokea upande wa pili upepo nao utapita, rudisha. Vuta zipu mara kadhaa. Ndani vaa jezi za mpira wa miguu zile za polista, pamba ikilowa jasho inakaa na ubaridi mwilini mpaka unatetemeka. Boshori, glavu mbili mbili, soksi nzito, tochi ya kichwani. Buti tu ndo usibahatishe, nunua mapema ulivae mpaka sokoni liuzoee mguu.

Usiku wa kilele chupa ya maji iweke kichwa chini kwenye begi, maji yanaanza kuganda juu, ukiigeuza mdomo unabaki wazi. Simu na betri lala nazo ndani ya slipingi begi.

Kuna mazungumzo ambayo watu wanayakwepa, yafanyeni mkiwa bado Mwanza mnakula sato: nani akiumwa nani anashuka naye. Kichwa kuuma na kukosa hamu ya kula kule ni kawaida, unasimama hapo hapo hupandi zaidi mpaka utulie. Ila mtu akianza kuyumba kama mlevi, akiongea visivyoeleweka, au akihema na kukohoa hata akiwa amekaa, anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na kilele mnakiona. Wa kusema "jikaze" asipewe nafasi. Ndiyo maana kampuni ya kuwapandisha mlima mkiiuliza bei ulizeni pia waongozaji wangapi, maana Kilimanjaro huruhusiwi kutembea bila mwongozaji, na akiwa mmoja tu na mmoja wenu akashindwa, kundi zima linageuka.

Na bakshishi ya wapagazi na waongozaji mtenge siku mnayolipa kianzio, iwekwe kwenye bahasha yake kabisa, sio mmefika getini mmechoka ndo mnaanza kuangaliana nani ana salio.