Goti linasukumwa mbele nikivaa gambuti: je, upo mguu wa bandia wa shambani?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nilikatwa mguu wa kulia chini ya goti baada ya ajali, sasa natembelea mguu wa bandia. Nyumbani, nikiwa na viatu vya kawaida, sina shida. Nikivaa gambuti kwenda kwa ng'ombe, goti linasukumwa mbele kama nateremka mlima, na jioni kigutu kina malengelenge. Nakamua kwa mkono, nalima mboga, nasukuma toroli la samadi. Ndugu zangu wanataka niuze mifugo. Je, upo mguu maalumu wa shambani?

JIBU: Pole sana kwa ajali, ndugu yangu. Miguu ya kazi nzito ipo, ila kabla hujatoa pesa, kagua kisigino cha hilo gambuti.

Mguu wa bandia hupangwa kufuata kiatu ulichovaa siku ya kupimwa. Kifundo chake mara nyingi hakikunjiki, au hukunjika kidogo sana. Ukivaa kiatu chenye kisigino kirefu zaidi, muundi wote unainamia mbele na goti linafuata. Kikiwa kifupi, goti linarudishwa nyuma. Usipime kisigino peke yake: kinachohesabika ni tofauti kati ya unene wa soli kisiginoni na unene wake chini ya vidole. Ukiona viatu vyako viwili vinatofautiana, ama tafuta gambuti linalolingana na kiatu cha kawaida, ama nenda kwa fundi wa viungo bandia ukiwa umelivaa. Najua mkulima akiona skrubu za mguu wa bandia mkono unamwasha, lakini hizo usiziguse. Ukizungusha kidogo tu, goti na mgongo ndivyo vitakavyolipa.

Ikiwa gambuti halipiti kwa sababu kifundo hakikunjiki, funika unyayo kwa mfuko wa plastiki, utateleza wenyewe. Wengine huchana gambuti nyuma, sehemu ya juu, wakatia zipu.

Malengelenge yana sababu yake nyingine, japo goti kusukumwa huyazidisha. Kigutu husinyaa kadiri siku inavyokwenda, soketi (kikombe cha mguu wa bandia kinachoshika kigutu) inalegea, kigutu kinapanda na kushuka ndani yake kila hatua, na jasho linalainisha ngozi. Beba soksi za kigutu za akiba na kitambaa kikavu. Katikati ya asubuhi kaa, vua, futa, ongeza soksi ukiona pamelegea. Wekundu ukidumu zaidi ya dakika 20 baada ya kuvua, soketi inabana mahali pasipostahili, mwonyeshe fundi. Lengelenge likipasuka, usivae mguu huo mpaka ngozi ifunge. Samadi na kidonda haviendi pamoja, na hapo sina mjadala.

Kukamua: kigoda kifupi kinakunja goti kupita kiasi, na ukingo wa nyuma wa soketi unachimba paja. Ukinyoosha mguu chini ya ng'ombe ni hatari, kwani huwezi kuuondoa haraka akirusha teke. Kaa kwenye kiti cha kama sentimita 45, na ili usipinde mgongo, mpandishe ng'ombe kwenye jukwaa imara lenye mteremko wa kupandia na sakafu isiyoteleza.

Toroli la gurudumu moja linakudai mizani ya pembeni ambayo mguu wa bandia haukupi vizuri. Tafuta la magurudumu mawili. Kutembea na mguu wa bandia wa chini ya goti hula nguvu takriban robo zaidi ya zamani, kwa hiyo hesabu hatua pia, si uzito tu: lundo la samadi likihamishiwa karibu na zizi umepumzika kuliko kununua kifaa. Ukipanda trekta au gari la mizigo, usiruke kushuka, maana ule mguu wako usiokatwa ndio unaobeba kishindo, na huo huna akiba yake.

Marekani kuna mpango wa wakulima wenye ulemavu uitwao AgrAbility, uliotokana na sheria ya kilimo ya mwaka 1990, ambao wataalamu wake humfuata mkulima shambani kwake na kutazama kazi zenyewe. Kama fundi wako hawezi kuja, mpelekee video ukikamua, ukisukuma toroli, ukivuka mtaro. Ataona mengi ambayo sakafu ya kliniki inayaficha.

Ng'ombe usiwauze kwa sababu ya malengelenge. Kama lazima uwaachie ndugu kazi fulani, waachie kushika dume na wale wakorofi wakati wa sindano, kwa kuwa hapo mtu huokolewa na kuruka pembeni. Na kwenye uzio wa zizi acha mwanya wa kupita mtu aliyegeuka ubavu, mwembamba kiasi cha kumzuia ng'ombe, upande ule unaofanyia kazi mara nyingi.