Kwa nini wanaandika "I am knowing"?

SWALI: Ndugu Mshauri, ninafundisha Kiingereza wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili. Kanuni za wakati uliopo wanazikariri bila kukwama, lakini katika insha ninakuta "I am knowing the answer" na "She go to school every day". Nimewapa mazoezi ya kujaza nafasi hadi nimechoka kusahihisha. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, makosa hayo mawili yamo katika daftari moja, lakini hayana chanzo kimoja.

La kwanza linatokana na kiambishi -na-. Tukisema "Asha anasoma", huenda Asha ameinamia kitabu dakika hii, au huenda tunaeleza tu kwamba yeye ni mwanafunzi. Muktadha ndio unaoamua. Kiingereza humlazimisha msemaji achague mapema, na mwanafunzi aliyezoeshwa kwamba -na- ni "am" pamoja na "-ing" hutamka "I am knowing" akiamini ameifuata kanuni. Kabla ya kugusa Kiingereza, basi, andika ubaoni sentensi zenye -na-, uwaambie wajaribu kuweka hu- mahali pake. Ile inayoipokea hu- bila maana kupotea, kama "Asha husoma usiku", inaeleza mazoea, nayo itakwenda "Asha reads at night". Vitenzi vya kujua, kuamini na kumiliki vifundishe kando, kwa kuwa vinaeleza hali, wala kipimo cha hu- hakivinasi.

Upo mtego mwingine ambao hukuuliza, nao ndio unaonivutia zaidi. Msimamishe mwanafunzi mmoja mbele ya darasa, kisha waulize wenzake yukoje. Watajibu "Amesimama", na wakitafsiri watakupa "He has stood", ilhali Kiingereza husema "He is standing". Ndivyo ilivyo kwa amekaa, amelala na amevaa: -me- hapa huonyesha hali iliyobaki baada ya tendo kukamilika, na hali hiyohiyo Kiingereza huihesabu kuwa jambo linaloendelea. Somo hili hufundishika vizuri kwa miili ya wanafunzi wenyewe kuliko kwa jedwali lolote.

Kosa la pili, lile la "She go", lisikukoseshe usingizi. Stephen Krashen, mtaalamu wa ujifunzaji wa lugha, alipopanga mwaka 1977 mfuatano wa viambishi ambavyo wajifunzaji wa Kiingereza huvimudu, aliiweka "-ing" katika kundi la kwanza na "-s" ya nafsi ya tatu katika kundi la mwisho. Haishangazi, kwa kuwa "she" imekwisha kutaja mtendaji, na hiyo "-s" haiongezi maana yoyote. Usimkatize mwanafunzi anapozungumza kwa ajili ya "-s" hiyo. Akimaliza kuandika, mwambie airudie insha mara moja akitafuta "-s" peke yake, huku kidole kikiwa juu ya kila kitenzi, kisha ndipo akukabidhi.