Anapoishi, anakoishi au anamoishi? Viambishi vya mahali katika ramani ya mhalifu

SWALI: Msomaji wa Moshi anaandaa somo la Kiswahili kuhusu namna wapelelezi wanavyotumia ramani ya matukio kumtafuta mtu anayerudia uhalifu wa aina moja. Ameandika: "Ramani huonyesha mahali anapoishi mhalifu." Mwenzake aliyelipitia andiko akasahihisha kuwa "anakoishi", na wa tatu akapendelea "anamoishi". Anauliza nani yuko sahihi, na kama "mhalifu sugu" na "mhalifu wa mfululizo" ni kitu kimoja.

JIBU: Kisarufi wote watatu wako sawa. Kimaana hawako sawa hata kidogo, na katika somo hili kosa la kiambishi kimoja hugeuka kosa la upelelezi. PO hutaja mahali mahususi, panapoweza kuoneshwa kwa kidole. KO hutaja upande au eneo lisilo na mpaka kamili. MO hutaja ndani ya kitu chenye mpaka. Upelelezi wa aina hii hupita katika hali zote tatu, kwa hiyo tuufuate hatua kwa hatua.

Huanza na PO, kwa sababu matukio yanajulikana yalipotokea. Kabla ya kuweka alama yoyote kwenye ramani, wapelelezi huhakikisha kuwa matukio ni ya mtu mmoja: vinasaba, alama za vidole, namna ya kuvunja, saa, aina ya waathirika. Tukio moja la mtu mwingine likichanganywa humo, hesabu nzima huvutwa upande usio wake. Kisha hutenganisha vituo vya kila tukio. Katika mauaji, alipokutana na mwathirika, alipomshambulia na alipouacha mwili huenda ni mahali patatu tofauti, na kila aina ya kituo hupimwa kivyake. Kwa kawaida huhitajika angalau vituo vitano. Chini ya hapo ramani husema machache mno.

Hapa mwandishi ajihadhari na mtego. PO hubeba wakati pia. "Alipokamatwa alikuwa na nondo" ni habari ya wakati. "Alipokamatwa ni karibu na stendi" ni habari ya mahali. Msikilizaji akisikia "alipokamatwa" tu, hana njia ya kujua lipi limekusudiwa mpaka sentensi iishe, na katika maelezo ya polisi hilo halifai. Andika "mahali alipokamatwa" au "wakati alipokamatwa", hata kama inaongeza neno. KO na MO hazina utata huo.

Hatua ya pili ndiyo moyo wa mbinu, na ni ya KO. Kim Rossmo, askari wa Vancouver nchini Kanada, aliiweka katika kanuni ya hesabu kwenye tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1995, Chuo Kikuu cha Simon Fraser. Ramani hugawanywa katika miraba midogo mingi. Kwa kila mraba hupimwa umbali hadi kila tukio, na mraba hupewa alama kwa kufuata mienendo miwili ya binadamu. Wa kwanza: kadiri umbali unavyozidi, ndivyo mtu anavyopungukiwa na hamu ya kwenda kutenda uhalifu huko, maana safari ni gharama na mitaa ya mbali haijui. Wa pili huuzuia wa kwanza: karibu kabisa na kwake huogopa kutambuliwa, hivyo huacha ukanda mtupu kuzunguka maskani yake. Alama zikijumlishwa, miraba yenye alama nyingi hupakwa rangi kali, na wapelelezi huanzia hapo kuchambua orodha ya watuhumiwa waliyo nayo.

Kinachopatikana basi ni mpangilio wa wapi patafutwe kwanza. Hakuna mlango uliotajwa. Ndiyo maana "ramani huonyesha anapoishi" ni dai kubwa kuliko ushahidi, na mwanafunzi akiliamini atakwenda kugonga nyumba ya mtu asiye na hatia. Mwenzako aliyeandika "anakoishi" amelisogelea jibu.

Mfano mzuri wa KO ni Uingereza, Desemba 1980. Polisi wa Yorkshire, waliokuwa wakimsaka muuaji wa mfululizo wa wanawake, walikuwa wameshapotoshwa na barua na kanda ya sauti ya mtu aliyejifanya muuaji huyo, wakaelekeza macho mji wa Sunderland. Stuart Kind, mwanasayansi wa jinai, akakokotoa kitovu cha vituo vya mashambulizi, akaangalia pia saa zake: mtu anayeshambulia usiku wa manane huenda hayuko mbali na kwake. Akaelekeza mji wa Bradford. Peter Sutcliffe alikamatwa Januari 1981, Sheffield, kwa sababu ya namba bandia za gari, na ikaonekana ni mkazi wa Heaton, Bradford. Kind alijua anakoishi, lakini hakujua anapoishi.

MO ina nafasi yake pia. Watafiti David Canter na Paul Larkin, mwaka 1993, walichukua wabakaji 45 wa Uingereza, wakaunganisha matukio mawili ya kila mmoja yaliyo mbali zaidi na kuyafanya kipenyo cha duara. Asilimia 87 walikuwa na maskani ndani ya duara lao. Hapo, na hapo tu, "duara anamoishi" ni maneno ya haki, kwa kuwa duara lina mpaka.

Waliobaki nje ya duara ni onyo. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, nyumba zimevunjwa Pasua, Njoro, Soweto, Majengo na Bondeni. Mvunjaji akiwa mkazi wa Moshi, kanuni itafanya kazi. Akiwa anapanda gari Arusha, kilomita 80 hivi, anavunja na kurudi, ramani itaweka rangi kali katikati ya Moshi na kuwapotosha wote.

Kwa sababu hiyo, hata "anakoishi" ningekubadilishia. Kitovu cha mhalifu huenda ni kazini, kijiweni au kwa mpenzi wake. Napendekeza "anakotokea", yaani upande anaoanzia safari zake. Usiandike "anakotoka", maana kwenu Kilimanjaro ukimuuliza mtu anakotoka atakutajia Rombo, Machame au Kibosho, hata kama amezaliwa mjini.

Njeo, yaani wakati unaooneshwa na kitenzi, nayo iangaliwe. Huko Lafayette, Louisiana, Rossmo alichora ramani ya ubakaji wa mfululizo wa miaka mingi. Mtuhumiwa mmoja, naye askari wa huko huko, anwani yake ya siku hizo haikulingana na ramani. Ya zamani, wakati wa matukio, ililingana, na vinasaba vikathibitisha. Ramani husema "alikokuwa akitokea", kwa njeo ya matukio yenyewe. Anayeandika "anakotokea" kwa matukio ya miaka kumi iliyopita huwapeleka askari kwenye anwani mpya.

Maelezo ya upekuzi hufuata kanuni ileile. "Mali ilikutwa nyumbani mwake" ni ndani ya kuta zake. "Nyumbani kwake" ni kaya nzima, pamoja na banda na kihamba, yaani shamba la nyumbani. Wakili mzuri ataibana tofauti hiyo mahakamani.

Ama "sugu", hapana. Mhalifu sugu ni aliyezoea jela na haonyeki. Leo anaweza kuiba kuku, kesho kupiga mtu, na matukio yake yasiwe na uhusiano wowote. Wa mfululizo hurudia kosa la aina moja kwa namna inayofanana, na huenda hajawahi kukamatwa hata mara moja. Ramani humhusu huyu wa pili.